Bao na Kisa cha Mchezaji: Jinsi Mchezo Unavyozaa Masimulizi ya Nafsi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna mchezo unavyoweza kumzalia mchezaji kisa chake mwenyewe, kisa ambacho hakuwa nacho kabla ya kukaa mchezoni na ambacho hawezi kukiazima kwa mwingine. Mchezo nitakaoutumia ni bao, hasa lile liitwalo bao la Kiswahili, linalochezwa Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa na mahali pengi pa pwani. Umri wa mchezo huu na fahari yake vimekwisha kuandikwa vya kutosha. Jambo ambalo kwa maoni yangu halijatazamwa inavyostahili ni tabia moja ya lugha yake: lugha ya bao humfanya mchezaji kuwa mhusika pekee wa yote yanayotendeka ubaoni.

Kwa msomaji asiyecheza, yatosha kueleza machache. Ubao una mistari minne ya mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na kila mchezaji ni mwenye mistari miwili iliyo upande wake. Kete ni 64, nazo aghalabu ni komwe, mbegu za mmea uitwao mkomwe. Mchezo una awamu mbili. Katika ile ya kwanza, kunamua, kila mmoja huwa na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo la mraba liitwalo nyumba, na kete 22 mkononi. Kwa zamu huziingiza moja moja katika mstari wa mbele. Za mkononi zikiisha, huanza awamu ya mtaji, na hapo huchezwa kwa zile zilizomo ubaoni tu. Kete yangu ya mwisho ikiangukia shimo langu la mbele lenye kete, na shimo la mwenzangu lililo mkabala nalo nalo lina kete, nitazila zake na kuzisambaza upande wangu, nikianzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa mstari wa mbele. Ikiangukia shimo tupu, nimelala. Aliyeishiwa kete katika mstari wa mbele amefungwa. Zipo kanuni nyingine nyingi, za kutakata, za kutakasia na za nyumba, ambazo mafundi wenyewe hubishania. Nitazigusa pale tu zitakapotufaa.

Mchezaji ni nani katika sentensi?

Tulitazame lile neno "nimelala". Lililotokea hasa ni kwamba mbegu imeanguka katika shimo tupu. Kisarufi tungetarajia "kete imelala", na usemi huo upo. Lakini mchezaji husema "nimelala", na mwenzake humwambia "umelala", na watazamaji nao husema "kalala". Hali ni hiyo hiyo katika kula: "nimekula tatu", "umeliwa nyumba". Kiambishi cha nafsi hushika mahali ambapo ngeli ya kete ingeweza kukaa.

Huenda msomaji akauliza kama hili si jambo la kawaida katika michezo yote. Mchezaji wa sataranji naye husema "nimemla farasi wako". Hapana shaka husema hivyo. Lakini sataranji ina farasi, ina ngome, ina mfalme, na kila kimoja kina cheo chake, mwendo wake na rangi ya mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Msimulizi wa sataranji ana wahusika wengi wa kuwapa kazi: mfalme alikimbilia pembeni, ngome ikamfuata, askari mmoja akafika mwisho akapandishwa cheo. Kete za bao ni 64, na zote ni sawa. Hakuna kubwa wala ndogo. Zaidi ya hayo, hazina mwenyewe: kete iliyo yangu sasa itakuwa yako baada ya pumzi moja, na kabla ya magharibi itakuwa imevuka mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Kitu kisicho na sura, cheo wala mwenyewe hakiwezi kuwa mhusika wa hadithi. Linalobaki bila kubadilika ubaoni ni moja tu, nalo ni mchezaji aliyekaa upande huu na mwenzake aliyekaa upande ule. Kwa hiyo atakayesimulia bao hana budi kujisimulia.

Hiyo ndiyo hoja kuu ya makala haya. Yanayofuata ni kuonyesha jinsi msamiati, kanuni na mazingira ya mchezo yanavyoitia nguvu.

Msamiati wa bao ni msamiati wa maisha ya mtu mwenye nyumba na biashara. Nyumba ni nyumba. Mtaji ni rasilimali. Kula ni kula, na pia ni kupata faida, kama ilivyo katika Kiswahili cha sokoni. Kete zikiondoka nyumbani kusambazwa, nyumba imekwenda safari. Kutakata ni kuwa safi. Kunamua ni kutenganisha vilivyonasana. Kichwa ni sehemu ya mwili. Twaa sentensi hii: "Nilifika nyumbani nikalala." Mpita njia atadhani mtu huyu alichoka akaenda zake kitandani. Aliyekaa barazani ataelewa kwamba kete ya mwisho iliangukia nyumbani, na mwenye nyumba, akiwa na hiari ya kusafiri au kutulia, akachagua kutulia. Sentensi ni moja, na kisa kinaweza kuingia kwa mlango huu na kutokea kwa ule.

(Neno bao lenyewe halikutulia mahali pamoja. Ni ukubwa wa ubao, ni mchezo, ni ushindi mmoja katika mchezo huo, ni chombo cha mpiga ramli, na leo, katika kila redio ya Afrika Mashariki, ni mpira uliotikisa wavu. Kwamba mtangazaji wa soka husema timu fulani "imefungwa mabao matatu", kwa kitenzi kile kile cha barazani, ni jambo linalostahili makala yake.)

Tukiyatazama hayo, tunaona ugumu wa kuikubali nadharia moja mashuhuri. Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha 1938, alisisitiza kwamba mchezo umetengwa na maisha ya kawaida, una mahali pake na muda wake. Roger Caillois, aliyemfuata na kumsahihisha mwaka 1958, aliongeza jambo ambalo linatuhusu zaidi: kwamba michezo ama ina kanuni ama ina uigizaji, na si vyote viwili kwa pamoja. Mtoto anayejifanya rubani anaigiza, naye hahitaji kanuni; mcheza sataranji ana kanuni, naye hahitaji kujifanya yeyote. Bao halikai vizuri katika mgawanyo huu. Lina kanuni kali zisizosameheka, na wakati huo huo kila kanuni imepewa jina linalomweka mchezaji katika nyumba, safarini au usingizini. Sisemi kwamba mchezaji hujifanya mfanyabiashara. Msamiati umekwisha kumfanyia kazi hiyo kabla hajagusa kete.

Wala si jambo la jana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga wa karne ya 19, alilitumia bao katika tungo zake, na mwaka 2003 Alex de Voogt aliandika makala maalumu juu ya nafasi ya tungo hizo katika historia ya mchezo huu. Mshairi aliyeishi katikati ya mivutano ya Mombasa na Unguja hakuwa na haja ya kuunda istiara mpya; alizikuta zimekaa ubaoni zikimngojea.

Umbo la kisa

Sasa tukitazame kisa chenyewe. Hiki kifuatacho nimekitunga kwa kielelezo, lakini mwenye kulijua bao aweza kukifuata ubaoni, na ataona kwamba hakivunji kanuni:

"Nilikuwa nimebakiwa na mashimo matatu tu mbele, la kimbi, la tatu na la nne, yote mkono wa kushoto. Yeye nyumba yake imejaa, haijasafiri. Watu wameshaanza kucheka. Nikanamua kimbini, nikala tatu. Nikarudi kichwani: moja, mbili, tatu, nikala nne. Nikarudi kichwani tena: moja, mbili, tatu, nne. Ile ya nne, bwana, inatazamana na nyumba yake. Nikaila nyumba. Hakuna aliyecheka tena."

William Labov na Joshua Waletzky, katika uchunguzi wao wa 1967 ambao Labov aliuendeleza mwaka 1972, walionyesha kwamba kisa cha mtu kuhusu yaliyomfika huwa na sehemu zinazotambulikana: maelezo ya hali, tukio linalotatiza, tathmini, ufumbuzi, na mara nyingine muhtasari mwanzoni na hitimisho mwishoni. Sehemu hizo zimo hapa. Hali imeelezwa kwa -li- na kwa -me-. Tukio limekwenda kwa -ka- mfululizo. Tathmini imo katika kicheko cha watu na kukoma kwake. Lakini yapo mawili ambayo mpango wa Labov haukuyatazamia, kwa kuwa yeye alikusanya visa vya ugomvi na hatari vya vijana wa New York, ambako tukio halina kanuni.

La kwanza ni marudio. "Nikarudi kichwani" imekuja mara mbili, na katika kisa kirefu ingekuja mara sita au saba. Mtu angesema hiyo ni fani ya msimulizi, sawa na kibwagizo cha ngano. Si fani yake; ni sheria ya mchezo. Aliyekula kimbini, akaendelea kula upande ule ule, sharti arudi kichwani. Mchezo wenyewe humpa msimulizi kibwagizo, naye hupata muundo ambao mtambaji wa ngano huutafuta kwa wimbo. Kiambishi -ka- nacho kinafuata mwendo wa mkono: kila kitendo ni kete inayodondoka katika shimo linalofuata, na hapana shimo linalorukwa. Katika masimulizi mengine msimulizi aweza kuruka siku tatu akasema "baadaye". Katika kisa cha bao akiruka shimo moja, hadhira itamrudisha.

La pili ni saa. Kwa kuwa kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi na kutoa moja kila zamu, awamu ya kwanza hujihesabu yenyewe. Msimulizi akisema "nilikuwa na tano mkononi", msikilizaji ajuaye anafahamu mara moja jinsi mwisho ulivyokaribia, ni hatari gani bado zipo, na ni njia gani zimekwisha kufungwa. Labov alieleza kwamba tathmini ndiyo inayomjibu msikilizaji asiyeona maana ya kisa. Katika kisa cha bao, tathmini nusu yake imo katika hesabu. Asiyecheza atasikia namba tu. Achezaye atashika roho.

Ushahidi uliokusanywa

Kuna sababu nyingine iliyo nje ya sarufi. Mchezo wa sataranji huandikwa hatua kwa hatua, na mchezo wa karne zilizopita waweza kurudiwa leo bila kupotea hata hatua moja. Bao la barazani haliandikwi. Watafiti wamebuni njia za kuandika hatua zake, na de Voogt alihitaji njia ya namna hiyo alipochunguza umahiri wa mafundi wa Unguja kwa ajili ya kazi yake iliyotoka Leiden mwaka 1995. Lakini mafundi wenyewe hawana daftari. Mchezo ukiisha, kete hukusanywa, hupangwa upya, sita nyumbani, mbili na mbili pembeni yake, na ushahidi wote umefutika. Kilichobaki ni maneno ya watu waliokuwapo.

Hapa ndipo kisa cha mchezaji kinapopata uzito wake, na hapa ndipo pana hatari. Aliyeshinda anataka ikumbukwe kwamba alishinda kwa akili. Aliyeshindwa anataka ikumbukwe kwamba alikuwa karibu kushinda, au kwamba kete moja ilihesabiwa vibaya. Wote wawili hawana pa kukimbilia ila kwa watazamaji, na watazamaji nao wana upande. Kisa kikisemwa barazani hakisemwi na mtu mmoja. Msimulizi hutaja shimo, mwingine hukanusha, wa tatu hukumbusha kwamba kulikuwa na kete mbili si tatu, na mwisho wake hupatikana toleo ambalo wote wanaweza kuishi nalo. Toleo hilo ndilo litakaloitwa lile bao la siku ile. Linakuwa mali ya mchezaji kwa sababu limepitishwa na wengine.

Nafikiri jambo hili linajibu pingamizi ambalo wenzetu wa fasihi simulizi hulitoa mara kwa mara, kwamba kisa cha mtu binafsi hakiwezi kuhesabiwa katika fasihi kwa kuwa hakikurithiwa na hakina umma nyuma yake. Katika kisa cha bao yaliyotokea ni ya mtu mmoja, siku moja. Lakini kibwagizo, saa, msamiati, mahali pa kusitisha sauti na haki ya hadhira kukanusha, vyote vimerithiwa. Ngano nayo, ikitazamwa kwa haki, haina zaidi ya hayo.

Athari yake kwa kazi yetu si ndogo. Mwanafunzi aendaye kukusanya masimulizi huenda na orodha ya tanzu: ngano, hekaya, visasili, visakale, mafumbo. Humwomba mzee ngano. Mzee husema zimemtoka kichwani, kisha humgeukia jirani yake na kuanza kumkumbusha siku aliyomla nyumba. Hapo mwanafunzi huzima kinasa sauti, kwa kuwa hicho hakimo katika orodha, naye hurudi na kanda tupu akiandika kwamba masimulizi yamekufa katika eneo lile. Kanuni za bao tumezikusanya, na istilahi zake zimo katika kamusi. Usemi wenyewe, ambao ndani yake kanuni na istilahi huwa kisa cha mtu, tumeuacha upite. Kanuni zaweza kurudiwa na yeyote mwenye ubao na komwe. Kisa cha fundi kikiondoka na fundi na wale waliokaa naye, hakuna ubao utakaokirudisha.

Yafaa pia tuwe waangalifu tusije tukadhani haya ni ya pwani peke yake. Waluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, na katika kila mmoja wa michezo hiyo mbegu ni sawa kwa sawa na huvuka kutoka kwa mwenyewe hadi kwa mwingine. Kama hoja yangu ni sahihi, tungetarajia kukuta katika Kijaluo na Kikuyu nafsi ya kwanza ikishika mahali pa mbegu kama ilivyo katika Kiswahili. Wenye lugha hizo ndani ya idara zetu wako mahali pazuri zaidi kuliko mimi pa kuijaribu. Kwa upande wa pili kuna vijana wanaocheza kandanda katika michezo ya video. Kijana husema "nimekufunga", ingawa aliyepiga mpira ni mchezaji maarufu aliyechorwa na kompyuta na mwenye jina lake mgongoni. Nafsi ya kwanza imedumu hata palipo na wahusika wengine. Lakini mtambo humwonyesha marudio ya bao lake papo hapo, na mabishano hukatika. Sijui kama tuite hiyo faida.

Kwa atakayetaka kuvinasa visa hivi, nina ushauri wa vitendo. Asimwite fundi ofisini. Akinase kisa mahali pa mchezo, kete zikiwapo, kwa kuwa msimulizi husema "hapa" na "pale" kwa kidole, na kinasa sauti hakioni kidole. Mashimo yaandikwe kwa namba pembeni ya unukuzi. Kisha akinase kisa hicho hicho mbali na ubao, ili aone "hapa" na "pale" zikigeuka kuwa kichwani, kimbini na nyumbani, kwani mgeuko huo ndio unaoonyesha ni kiasi gani cha kisa kimo katika lugha na ni kiasi gani kilikuwa mkononi. Maneno ya wanaokatiza yasifutwe wala yasiwekwe katika tanbihi. Yapewe mstari wao kama ya msimulizi. Wala asimngojee msimulizi atoe hitimisho la kumrudisha msikilizaji kwenye wakati uliopo, kama lile alilolieleza Labov. Mara nyingi halitakuja. Kete zimekwisha kupangwa, na aliye upande wa pili amekwisha kuinua mkono anamue.